Nyumba Isiyo na Moto

Mafinga ilininukia kabla sijaiona. Basi letu lilikuwa limeshaipita Nyololo, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi ya Juni, na bado harufu ikapenya: utomvu wa mipaini iliyokatwa asubuhi ile ile, maranda mabichi, moshi wa mabanzi yanayochomwa kando ya mashine za mbao. Wageni wengi huisifu harufu hiyo. Husema ni harufu ya usafi, na kweli wapo wenye viwanda wanaoitia kwenye sabuni za kusugulia sakafu. Mimi nikikutana nayo dukani, nimeshika chupa ya sabuni kama mtu mwenye akili zake timamu, macho yanaanza kutafuta mlango uko wapi. Kwangu hiyo ni harufu ya likizo moja niliyoipitisha na hofu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na sehemu kubwa ya likizo hiyo nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, najenga nyumba ambayo haikuwepo.

Nilikuwa na miaka kumi. Mimi na mama tulipanga chumba kimoja Mbeya, nyuma ya soko la Mwanjelwa, katika nyumba ya wapangaji wengi yenye uwanja mmoja na bomba moja. Baba alifariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, na mama aliuza sweta za mitumba. Baridi ilikuwa biashara yetu. Watu walipoanza kujikunyata, mama alianza kuchangamka. Siku tuliyofunga shule yeye alirudi mapema kutoka sokoni kwa sababu homa ilikuwa inamtetemesha. Akawasha jiko la mkaa uwanjani, majirani wakimwona, akalipepea mpaka mkaa ukawa mwekundu wote na moshi ukaisha, kisha akaliingiza chumbani, akafunga dirisha, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga, akajilaza. Hakufanya jambo geni. Nyumba nzima tulifanya hivyo kila Juni, na kila mtu alijua sharti lake: usiingize ndani jiko linalotoa moshi. Moshi ndio tuliouogopa. Mkaa ukishakuwa mwekundu tulihesabu kwamba hatari imepita.

Nilifika nikagonga. Nikaita, nikagonga tena, nikaita kwa jina lake kabisa, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea kofi. Ndipo nikamfuata jirani yetu Mama Rehema, mwanamke wa asili ya Tanga aliyekaanga maandazi kibarazani na kutuita watoto wote wa uwanja ule wanangu. Alichungulia dirishani, akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kisha akachukua mchi wa kutwangia akavunja kioo. Nilisubiri moshi utoke. Haukutoka. Kilichotoka ni joto tu, joto zuri, la chumba ambacho mtu yeyote aliyetoka kwenye baridi angependa kuingia. Wanaume wakavunja mlango wakamtoa mama amelegea mikono na shingo, na Mama Rehema akanigeuza uso nikaangalia kifuani kwake.

"Usitazame, mwanangu," akasema. "Mama kalala tu. Kalala."

Tangu saa ile kila mtu alilitumia neno hilo hilo. Dereva wa bajaji alilisema. Muuguzi aliyesimama mlangoni na kunikatalia kuingia kwa sababu ya umri wangu alilisema, tena kwa upole. Na baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alipokuja kutoka Mafinga kunichukua, nilimwuliza njia nzima na njia nzima akanijibu hivyo: mama bado amelala, madaktari wanamwangalia. Walitaka kunituliza, nawaelewa. Lakini mimi nilikuwa nimeona mtu akilala na nimeona alivyotolewa, kwa hiyo nikaingia Mafinga nikiwa naogopa vitu viwili ambavyo huko hakuna anayeweza kuvikwepa mwezi wa Juni, yaani moto na usingizi.

Baba mdogo alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, imezungushiwa mabanzi, na alitengeneza vitanda na milango. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na juu ya kila ukuta fundi aliacha matundu ya hewa kama inavyotakiwa. Mama mdogo, mkewe, alikuwa ameyaziba yote kwa matambara na magazeti, kwa sababu upepo wa Mufindi ukiingia sebuleni hauna adabu. Jioni jiko liliingizwa, familia ikalizunguka, chai ikamiminwa, na mimi nikachukua kikombe changu nikaenda kukaa barazani. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Mama mdogo aliona ni majonzi, kisha akaona ni maringo ya mjini, kisha akachoka. "We mtoto, njoo uote moto, utaganda huko nje!" aliniita kila jioni, na kila jioni nikamjibu kwamba sisikii baridi. Sikumwambia ninachoogopa. Nilikuwa na imani ya kitoto kwamba nikilitaja jambo lile ndani ya nyumba ile, nitakuwa nimelikaribisha. Kabla ya kulala nilihakikisha kwa macho yangu kwamba jiko limetolewa nje, na alfajiri niliamka wa kwanza nikasimama ukumbini mpaka nisikie mtu mmoja akikohoa chumbani kwa wakubwa.

Aliyenitoa barazani ni Tumaini, binti yao, aliyenizidi miaka minne na ambaye kwa sababu hiyo nilimwita da Tumaini. Kaka yake alikwenda chuo akaacha kompyuta yake kuukuu. Bawaba ya kioo ilivunjika, kwa hiyo kioo kiliegemezwa kwenye kipande cha mbao, na betri ilikufa zamani, ikawa inafanya kazi ikiwa imechomekwa ukutani tu. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja. Unatupwa porini peke yako, mikono mitupu, katika nchi ya baridi isiyo na watu. Humwoni mtu wako. Unaona mikono yake miwili tu, mikono ya mzungu iliyovaa glavu zisizo na vidole. Pembeni kuna mistari inayopungua, mmoja wa njaa, mmoja wa baridi, mmoja wa uchovu, na mmojawapo ukiisha umekufa. Hakuna anayekuambia ufanye nini. Unaokota jiwe, unakata mti, unajenga pa kujisitiri, na giza likiingia mbwa mwitu wanatoka. Tumaini aliwaita fisi, kwa sababu fisi ndio anaowajua, nami nikawaita hivyo hivyo.

"Usikurupuke," alinifundisha, vidole vikicheza juu ya kibodi. "Watu wakishaingia humu wanaanza kukimbia kimbia ovyo, giza linawakuta hawana hata kuni. Angalia kwanza maji yako wapi. Halafu jenga. Halafu ndo utembee."

Alisema hivyo, na yeye mwenyewe akatuua siku ya kwanza. Alikuwa amejenga nyumba ndogo karibu na mto, nzuri, nguzo zake zimenyooka kama za baba yake, akaamua sasa tukachunguze nchi. Aliingia msituni kwa kujiamini kabisa. Tumaini alizaliwa na kukulia kando ya msitu uliopandwa na serikali, ambako mipaini imesimama kwa mistari, na kila baada ya kitalu kuna barabara pana ya kuzuia moto. Kwake yeye msitu ndio huo. "Tukinyoosha tu mstari tutatokea barabarani," akasema. Tukanyoosha. Miti ya mchezo ule ilikuwa imejiotea yenyewe, huku mitano, kule mmoja, na Tumaini akawa anageuka geuka anatafuta mstari ulipo, anakasirika kabisa, anauliza ni nani aliyepanda msitu wa kijinga namna hii. Hatukutokea barabarani. Giza likatukuta, fisi wakatukuta, kioo kikawa cheusi na katikati yake yakatokea maneno ya Kiingereza ambayo hata mimi niliyaelewa. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Mbeya. Kisha Tumaini akanieleza kwamba kaka yake aliuweka mchezo katika hali ngumu: ukifa, nchi yote inafutika. Nyumba, mto, njia ulizozijua, vyote. Huwezi kurudi pale ulipoishia.

Kicheko kilinikauka. Tulianzisha nchi nyingine, na mikono ile miwili ilipotokea tena mbele yetu, mitupu, mvuke wa pumzi ukipita juu yake, niliweka nadhiri bila kumwambia mtu. Mtu huyu asipokufa, mama hatakufa. Akifa na nchi ikafutika, basi. Sijui nilitoa wapi wazo hilo. Najua tu kwamba watu wazima wote walininyima habari, na hapa palikuwa na mistari ninayoweza kuisoma mwenyewe, inayoniambia kila dakika mgonjwa wangu ana hali gani. Kuanzia hapo sikucheza tena. Nilikuwa nauguza.

Asubuhi Tumaini alikwenda kuchota maji na kumsaidia mama yake bustani ya bondeni, na kompyuta ikabaki kwangu. Nilijenga kama alivyonifundisha, mahali panapoona mto, mgongo wa nyumba umeegemea mwamba. Lakini kila ukuta nilioujenga niliutoboa dirisha. Mchezo ulikuruhusu kuchagua ukuta mzima au ukuta wenye dirisha, na mimi sikuweka hata mmoja mzima. Moto sikuwasha. Kuni nilikata nyingi, nikazipanga nje vizuri, nikaziacha. Mtu wangu alikaa ndani ya nyumba yake ya madirisha, mstari wa baridi ukishuka, mikono ikianza kutetemeka, nami nikamkimbiza nje akimbie kuizunguka nyumba apate joto, kisha nikamrudisha. Nyama aliila mbichi, akaugua. Na kutembea mbali hakuweza. Tumaini alinionya nisiende mahali ambapo moshi wa nyumba yangu hauonekani, maana moshi ndio unaokurudisha. Mimi sikuwa na moshi. Nilijaribu kwenda kutafuta mawe ng'ambo ya kilima, nikageuka nyuma, nikaona miti mitupu na theluji, na mahali nyumba ilipo pakawa panafanana na kwingine kote. Nilirudi kwa kufuata nyayo zangu mwenyewe huku theluji ikizifunika. Mikono yangu, hii ya kwangu halisi, ilikuwa imelowa jasho mpaka vitufe vikawa vinateleza.

Tumaini alinikuta hivyo. Aliangalia kioo, akaangalia mstari wa baridi uliobaki kama ukucha, akapiga kelele.

"Tupe! Umejenga banda la mbuzi? Na kuni zote hizo! Washa moto, huyu anakufa!"

Atupele ndilo jina langu. Tupe ni la nyumbani. Nilimwambia siwashi. Akanyoosha mkono awashe yeye, nikaung'ang'ania mkono wake kwa nguvu zangu zote, na hapo yakanitoka yote kwa mkupuo, nikilia kamasi na machozi: kwamba jiko halikuwa na moshi, mkaa ulikuwa mwekundu, mama alifanya sawa sawa kama watu wote, na chumba kilikuwa na joto zuri, na bado. Kwamba hata hapa kwao matundu yamezibwa. Kwamba kila alfajiri nasimama ukumbini kusubiri baba yake akohoe. Tumaini alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akanifuta uso kwa kanga yake, akatoka akaenda karakana. Nilisikia randa ya baba mdogo ikikwaruza mbao, halafu nikasikia imenyamaza.

Baba mdogo aliingia sebuleni na ngazi yake, maranda bado yamemganda kwenye nywele, akapanda, akaanza kuchomoa matambara kutoka kwenye matundu ya hewa. Tundu moja, lingine, akahamia ukuta wa pili. Magazeti ya zamani yalianguka juu ya makochi. Mama mdogo alitoka jikoni na kuuliza kama mume wake amepatwa na wazimu, kwamba wanadamu watalala humu au samaki. Baba mdogo alimjibu kwa Kihehe, maneno machache ambayo sikuyaelewa, na mama mdogo akashika mdomo akaniangalia. Jioni ile upepo wa Mufindi uliingia sebuleni ukafanya utakavyo. Tulikaa wote na makoti, na baba mdogo akavaa kofia yake ya sufu mpaka masikioni. Aliacha nafasi kwenye kochi upande wake, karibu na mlango ulioachwa wazi kidogo, akaipigapiga kwa kiganja. Nilikwenda nikakaa. Niliota moto kwa mara ya kwanza tangu nije, nikiwa namwangalia mdomoni kuona kama anapumua.

Kesho yake niliwasha moto ndani ya mchezo. Tumaini alikaa kando yangu, akaniacha nibonyeze mwenyewe. Tulikubaliana kuta tatu ziwe nzima na mmoja ubaki na dirisha, moto ukae chini yake. Mkono ulisugua kijiti, ukasugua tena, mwali ukashika, na rangi ya kioo chote ikabadilika ikawa ya dhahabu. Mstari wa baridi ukaanza kupanda taratibu. Nilitoka nje nikaona moshi wetu umesimama juu ya miti, mwembamba, umenyooka. Siku hiyo tulivuka kilima, tukapata mawe, tukapata ziwa lililoganda, tukapata kibanda kibovu cha mtu aliyetutangulia na ndani yake shoka la chuma. Kila nilipoogopa niligeuka nyuma, na moshi ulikuwepo. Nilikuja kufikiri baadaye kwamba hiyo ndiyo siku pekee ya likizo ile ambayo kwa muda fulani nilisahau kwa nini nipo Mafinga. Lakini dirisha lilikuwa na gharama yake. Giza la mchezo lilipoingia, fisi walilisogelea, na macho yao mawili mawili yakatokea pale kwenye uwazi. Tumaini aliniambia niweke ubao. Nilikataa. Niligeuza kiti cha mtu wangu kikaangalia dirisha, nikampa shoka, nikamwacha akeshe.

Hapo ndipo tatizo la mwisho lilipoanza. Moto nilikuwa nimekubali. Kitanda nilikuwa nimejenga, kwa sababu Tumaini alisema nyumba isiyo na kitanda si nyumba. Kumlaza mtu wangu ndiko nilikoshindwa. Kila giza la mchezo nilimkesheza, na mstari wa uchovu ukaliwa kidogo kidogo mpaka mikono ikaanza kuyumba na pembe za kioo zikaanza kuwa nyeusi. "Mlaze," Tumaini aliniambia kwa upole, wakati ule alikuwa ananisemesha kama mgonjwa. "Akilala anaamka, Tupe. Mimi nimemlaza mara nyingi tu." Nilimwambia naogopa kioo kile kinavyokuwa cheusi, kwa sababu weusi wa kulala na weusi wa kufa ni ule ule. Maneno ya Kiingereza tu ndiyo yanayotofautisha, na yanachelewa kuja.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula, simu ya baba mdogo ilipolia karakana. Nilimwona kupitia dirisha la sebule. Aliangalia namba, akaweka chini msumeno, akatembea mpaka kwenye rundo la mabanzi, mbali na watu. Alisimama amenipa mgongo. Alisikiliza muda mrefu, na mkono wake mmoja ukapanda ukashika kichwa. Tangu siku ile nimeona watu wengi wakishika kichwa kwa furaha na wengi kwa msiba, na mpaka leo kwa mgongo siwezi kutofautisha. Niligeukia kioo. Mikono miwili ilikuwa inashuka yenyewe, shoka limeanguka, mstari wa uchovu umebaki alama. Nikimwacha, anakufa. Nikimlaza, sijui. Nilisikia Tumaini akisema jina langu. Nilimpeleka mtu wangu kitandani, nikakagua moto, nikakagua dirisha kama liko wazi, na nikabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Nilisubiri. Kikaendelea kuwa cheusi, na hapo nikatambua kwamba hata taa ndogo ya kwenye waya imezimika, na mashine za mbao za jirani zimenyamaza zote kwa pamoja. Umeme ulikuwa umekatika. Tumaini alisema kitu, sikukisikia, kwa sababu baba mdogo alikuwa mlangoni na simu mkononi, ananiita.

"Njoo uongee na mama yako. Ameamka."

Sikuamini mpaka niliposikia pumzi yake kwenye simu. Ilikuwa simu ya Mama Rehema, naye nilimsikia kwa mbali akisema, haya, mtoto huyo, sema na mtoto. Nikasema, mama, shikamoo, ni mimi. Nikasema tena ni mimi, Tupe. Mama akavuta pumzi akasema, "Ndaga." Ni Kinyakyusa, lugha ya kwao, ni asante, na ni neno alilowaambia wateja wake sokoni wanapomaliza kununua sweta na kugeuka kuondoka. Alinitamkia hivyo hivyo, kwa adabu, kama anavyomwambia mpita njia. Ndaga, akarudia, ndaga. Nikamrudishia simu baba mdogo. Alinipigapiga begani akaniambia mambo yatakuja polepole, ndio kwanza ameamka, tumshukuru Mungu. Nilimshukuru. Kisha nikarudi kukaa mbele ya kioo cheusi nikisubiri umeme, kwa sababu nilitaka kujua ni nani hasa aliyeamka.

Umeme ulirudi jioni. Kompyuta haikurudi. Kuzimika kwa ghafla kuliiharibu, au ilikuwa imeshachoka tu. Kaka wa Tumaini alikuja akaichukua kwenda kutengeneza chuoni na hatukuiona tena. Kwa hiyo sikupata kujua kama mtu yule aliamka, kama moto wake ulidumu, kama fisi waliingia dirishani. Mama yeye alirudi nyumbani kabla likizo haijaisha, akiwa anatembea kwa kushika ukuta. Jina langu lilimrudia kwanza, halafu Kiswahili chake, halafu hesabu za sokoni. Siku yenyewe haikumrudia kamwe. Anakumbuka alikuwa na homa na anakumbuka hospitali, na katikati hakuna kitu. Mimi ndiye niliyebaki na siku hiyo peke yangu.

Sasa naishi naye Mbeya, katika nyumba mpya tuliyopanga juu ya barabara, yenye madirisha ya aluminiamu yanayoteleza. Mafundi wa siku hizi wanajua kazi. Ukilisukuma dirisha likagota, hausikii upepo, hausikii hata bodaboda, na mwenye nyumba aliyasifia sana alipotuonyesha, akidhani ananifurahisha. Zile nyumba za zamani zilikuwa na nyufa, zilituchosha kwa baridi na pengine zilituokoa mara nyingi bila sisi kujua. Hizi hazina ufa. Mkaa bado tunapikia, gesi ikiisha. Watoto wa Tumaini, ambaye sasa ana karakana ya baba yake na mafundi wanaomwogopa, wanacheza michezo ile ile kwenye simu, na siku hizi wanacheza na wenzao wa miji mingine, wanajengeana ngome na kucheka. Mkubwa wao aliniuliza mwaka huu, mama mdogo, ukianza unaanza na nini? Nikamwambia, maji, kuni, moto, na dirisha moja usilifunge. Akaniangalia kwa huruma. Akaniambia kwenye huu wa sasa hewa haiishi, dirisha ni kupoteza mbao.

Jioni mama anazunguka nyumba polepole akifunga madirisha, maana baridi ya Juni inamwingia kwenye viungo, na mimi nafuata nyuma nikiyafungua kidogo, upana wa vidole viwili. Hatujawahi kugombana juu ya hilo. Anajua nitafungua, najua atalalamika. Neno amelala silitumii kwake. Watu wakipiga simu nawaambia amepumzika, na wanaonifahamu hawaulizi zaidi. Asubuhi napika uji, naubeba mpaka mlangoni kwake na kusimama pale. Naita mara moja tu. Kati ya kuita kwangu na kuitika kwake nakuwa na miaka kumi, kioo ni cheusi, maneno hayajatokea, na sijui ni weusi upi. Uji unanichoma vidole kupitia bakuli. Halafu kitanda kinalia, na ile sauti yake ya kukwaruza inatoka.

"Nipo. Funga hilo dirisha."